KOSA LA RUBANI HALIANZI KWA RUBANI

Wenye hisa na wenye mizigo wana la kujifunza kutokana na ajali za ndege

MAKAMBAKO

GUNIA la viazi linaloshonwa Ipelele, wilayani Makete, hupita mikono mingi kabla ya kumfikia mlaji. Mkulima hulijaza, mpakizi hulibeba, dalali hulihesabu, na dereva hulitoa milimani hadi Njombe, kisha Makambako, ambako barabara ya Songea inaungana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Kuanzia hapo mzigo huelekea Dar es Salaam kwa kuteremka Kitonga. Lori likianguka njiani, taarifa hutolewa kwa sentensi moja inayojulikana na kila msomaji wa magazeti: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva.

Sentensi hiyo hufunga faili, lakini haimwelezi mwenye mali kama lori lijalo litafika salama.

Katika usafiri wa anga sentensi ya namna hiyo ilianza kutiliwa shaka miaka mingi iliyopita. Wachunguzi wa ajali za ndege huandika ni nani aliyekosea, kisha huendelea kuuliza: kwa nini mtu mzoefu, mwenye leseni na mwenye kupenda uhai wake, alifanya kosa hilo siku hiyo? Majibu yao yanamhusu msomaji wa ukurasa huu kwa njia mbili. Kwanza, mashirika ya ndege yameuza hisa kwa wananchi wa kawaida katika soko la Dar es Salaam. Pili, yanayotokea ndani ya chumba cha rubani hutokea pia ndani ya kichwa cha lori.

ASILIMIA 80

Kampuni ya Boeing iliwahi kueleza kwamba katika siku za mwanzo za usafiri wa anga takribani asilimia 80 ya ajali zilitokana na mashine na asilimia 20 zilitokana na binadamu. Baadaye hesabu iligeuka: takribani asilimia 80 zikawa za binadamu, wakiwamo marubani, waongoza ndege na mafundi, na asilimia 20 za mashine.

Hesabu hiyo haina maana kwamba watu wamekuwa wazembe kuliko babu zao. Injini na vyombo vimekuwa imara zaidi, kwa hiyo kilichobaki wazi ni udhaifu wa mwanadamu, ambao haujabadilika. Bado husahau, bado huchoka na bado humwogopa mkubwa wake.

Mwanasaikolojia wa Uingereza, James Reason, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu makosa ya binadamu, alitenganisha mambo ambayo watu wengi huyaweka katika kapu moja. Kuna kuteleza: karani anajua bei ni shilingi 50,000 lakini mkono unaandika 5,000. Kuna kusahau: fundi anafungua nati nne na kurudisha tatu. Kuna kukosea hesabu au uamuzi: mtu anafanya kwa uangalifu jambo ambalo tangu mwanzo si sahihi. Na kuna kukiuka: mtu anaijua kanuni na anaiacha kwa makusudi, mara nyingi kwa sababu kila mtu pale kazini huiacha na hakuna anayeuliza.

Kila moja lina dawa yake. Aliyesahau anahitaji orodha ya kukagulia mbele yake, na kumfokea hakutamwongezea kumbukumbu. Aliyekiuka kwa sababu tajiri wake anataka mzigo ufike kabla ya mapambazuko hatabadilika mpaka tajiri mwenyewe abadilike.

Reason alifananisha kinga za ajali na vipande vya jibini vyenye matundu. Kwa watu wa nyanda za juu, ambako mvua ni nyingi, mfano wa mabati chakavu unatosha. Ukipanga mabati manne yaliyotoboka, moja juu ya jingine, maji hayapiti mpaka siku matundu yote manne yanapolingana. Rubani huwa bati la mwisho. Ndiye anayeonekana amelowa, lakini maji yalianza kupenya juu yake.

KILO NA RATILI

Wafanyabiashara wa viazi wanaoijua lumbesa wataielewa ajali ya Air Canada ya Julai 23, 1983 kuliko watu wengi. Ndege aina ya Boeing 767, ikiwa na watu 69, ilikuwa ikienda Edmonton. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, hivyo mafuta yalipimwa kwa kijiti ndani ya matangi, kama dereva wa lori anavyofanya geji ikifa.

Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Ndani ya matangi zilikuwamo lita 7,682. Ili kugeuza lita kuwa uzito, wahusika walizidisha kwa 1.77, kama walivyozoea. Namba hiyo hutoa ratili. Ndege hiyo mpya ilikuwa ikitumia kilo, na namba sahihi ilikuwa takribani 0.8. Badala ya kuongeza zaidi ya lita 20,000, waliongeza kama lita 4,900. Ndege iliondoka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyotakiwa, na kila aliyeiangalia hesabu aliiona sawa.

Injini zote mbili zilizimika angani. Rubani, aliyekuwa na uzoefu wa ndege zisizo na injini, aliielea mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, na hakuna aliyekufa. Uchunguzi haukuishia kwa watu waliokosea kuzidisha. Ulionyesha kwamba kampuni ilibadili vipimo bila kuamua waziwazi ni nani mwenye jukumu la kukokotoa mafuta, na bila kuwafunza wahusika inavyopasa.

Sokoni mambo ni yale yale. Muuzaji anahesabu magunia, mnunuzi anafikiria kilo, na mizani ya barabarani inapima tani. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi kwa ajili ya haki ya mkulima. Lakini gunia lisilojulikana uzito wake ni hatari pia kwa breki. Dereva anayeambiwa amebeba "magunia mia" hajaambiwa amebeba tani ngapi.

DOUALA, 2007

Kwa wawekezaji wa Afrika Mashariki, mfano wa karibu ni Kenya Airways. Hisa zake ziliuzwa kwa wananchi mwaka 1996 na kuorodheshwa Nairobi, kisha mwaka 2004 zikaorodheshwa pia Dar es Salaam.

Usiku wa Mei 5, 2007, ndege yake aina ya Boeing 737-800, ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja kazini, iliondoka Douala, Cameroon, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114. Kulikuwa na radi na giza. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52 na uzoefu wa saa zaidi ya 8,000 angani. Msaidizi wake alikuwa na miaka 23 na saa kama 800.

Muda mfupi baada ya kupaa, rubani mkuu alitamka amri ya kuwasha mtambo unaojiendesha. Msaidizi hakuthibitisha kwamba mtambo umewaka, na kwa kweli haukuwaka. Kwa takribani sekunde 55 hakuna mkono uliogusa usukani, huku kila mmoja akiamini ndege inaongozwa. Ndege hiyo ilikuwa na tabia ya kulalia kidogo upande wa kulia, na gizani mwili wa binadamu hausikii mlalo wa polepole. Kengele ilipolia, rubani alishtuka na kufanya mambo yaliyozidisha mlalo. Takribani dakika mbili baada ya kuondoka, ndege ilianguka katika kinamasi cha mikoko karibu na uwanja. Wote 114 walikufa.

Ripoti ya Cameroon, iliyotolewa mwaka 2010, ilisema ndege ilishindwa kudhibitiwa baada ya rubani kupoteza mwelekeo, na ikataja ukosefu wa ushirikiano kati ya marubani, kutofuata taratibu za kufuatilia vyombo na utata katika matumizi ya mtambo huo.

Miaka saba kabla, Januari 30, 2000, ndege nyingine ya shirika hilo, Airbus A310, ilianguka baharini mara tu baada ya kuondoka Abidjan usiku. Kati ya watu 179 walinusurika 10. Kengele ya kuonya kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea ililia ilhali ndege haikuwa na tatizo hilo. Rubani akaiinamisha pua, na bahari ilikuwa karibu mno. Hapo mtu alifanya alichoona ni sahihi kwa kuamini chombo kilichomdanganya, akiwa na sekunde chache tu za kufikiri.

MKUBWA HAKOSOLEWI

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote za ndege zilizogongana ilitokea Machi 27, 1977 katika kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika barabara ya kurukia huku ukungu umetanda. Walikufa watu 583.

Rubani mkuu wa KLM alikuwa miongoni mwa wakufunzi wakubwa wa shirika lake. Alianza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Mhandisi aliyekuwa nyuma yake aliuliza kama kweli ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, naye hakuuliza tena.

Mwaka uliofuata, Desemba 28, 1978, ndege ya United ilizunguka juu ya Portland, Marekani, wakati rubani mkuu akishughulikia tatizo la magurudumu. Wenzake waligusia mafuta, lakini kwa upole uliozidi. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 10 wakafa.

Baada ya ajali hizo wataalamu walikutana mwaka 1979 chini ya NASA, na kuanzia 1981 United ikaanza mafunzo yaliyoenea baadaye duniani kote. Mkubwa anafunzwa kuuliza na kusikiliza. Mdogo anafunzwa kusema waziwazi, kwa maneno yasiyo na mafumbo, na kurudia asiposikika.

Kwa jamii zetu hili si jepesi. Mtoto hulelewa asimkosoe mkubwa mbele za watu, na utingo aliyepewa kazi na dereva hawezi kumwambia kwa urahisi kwamba anasinzia. Adabu hiyo ina thamani yake nyumbani, lakini penye usukani inahitaji utaratibu maalumu utakaomruhusu mdogo kusema bila kuonekana hana heshima. Marubani huufanya kwa maneno yaliyokubaliwa kabla ya safari. Dereva na utingo wanaweza kukubaliana pia kabla ya kuwasha gari.

SIRI INAYOUA

Desemba 1, 1974 ndege ya TWA iligonga mlima karibu na Washington na watu wote 92 wakafa. Marubani walielewa vibaya maelekezo ya kushuka. Wachunguzi waligundua kwamba kama wiki sita hivi kabla, ndege ya United ilikuwa nusura igonge mlima huo huo kwa sababu hiyo hiyo. United iliwaonya marubani wake. Marubani wa TWA hawakupata onyo hilo.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 1976 Marekani ilianzisha mfumo wa taarifa za siri unaoendeshwa na NASA. Rubani, fundi au mwongoza ndege hueleza kosa lililokaribia kuleta maafa, jina lake linafutwa, na somo linasambazwa kwa wote. Kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali za ndege nazo zinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mahakama zina kazi yake, uchunguzi una kazi yake.

Mantiki yake ni ya kibiashara. Mfanyakazi anayejua kwamba kosa dogo litamfukuzisha atalificha. Mwenye kampuni atalijua siku litakapokuwa kubwa, na wakati huo gharama yake hailipiki kwa kumfukuza mtu.

BUKOBA, 2022

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, iliyotoka Dar es Salaam, iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakiwamo marubani wote wawili, na wakaokoka 24.

Taifa zima liliona kwamba waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Barabara ya kurukia ya Bukoba inaanzia karibu kabisa na maji, na jambo hilo lilijulikana tangu uwanja ulipojengwa. Ndege ikikosa mita chache inaingia ziwani. Kwa hiyo boti, wazamiaji na mawasiliano ya uokoaji ni sehemu ya usalama wa uwanja huo sawasawa na mnara wa kuongozea ndege. Mazungumzo ya mitaani yalitaka kujua rubani alifanya nini. Swali la nani alipaswa kuwa tayari ufukoni lilistahili uzito ule ule.

KWA WENYE HISA

Precision Air iliuza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 475 kila moja na kuingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Desemba mwaka huo. Wapo watu wa kipato cha kawaida walionunua kwa kuamini jina.

Ni lazima kuweka mambo sawa. Ajali peke yake mara chache ndiyo inayoangusha shirika, kwa sababu ndege na abiria hukatiwa bima. Kenya Airways iliporipoti hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7 kwa mwaka ulioishia Machi 2015, wachambuzi walitazama zaidi mikopo, ununuzi wa ndege na kupungua kwa abiria. Biashara ya hisa zake ilisimamishwa Julai 2020 na kurejea Januari 2025. Hayo nayo ni makosa ya binadamu, ila yalifanyika ofisini, na mwenye hisa mdogo ndiye aliyebeba gharama.

Hata hivyo usalama una bei yake sokoni. Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga ya Umoja wa Ulaya. Juni 2025 ikaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, ikitaja upungufu katika usimamizi, ukiwamo uhaba wa wataalamu wenye sifa. Hatua hiyo iliyagusa kwa pamoja mashirika makubwa na madogo, bila kujali rekodi ya kila moja, kwa sababu bati lililotiliwa shaka lilikuwa la juu kabisa.

Mwenye hisa anayehudhuria mkutano mkuu wa mwaka ana haki ya kuuliza zaidi ya gawio. Anaweza kuuliza: Taarifa ngapi za makosa madogo zimepokelewa kutoka kwa wafanyakazi mwaka huu? Kampuni inayojibu "hakuna" haimaanishi haina makosa, huenda watu wake wanaogopa kusema. Marubani wanapumzika saa ngapi kati ya safari? Mkuu wa usalama anaripoti kwa nani, kwa bodi au kwa meneja anayepigania ratiba? Rubani aliyeahirisha kutua kwa sababu ya hali ya hewa alipongezwa au aliulizwa mafuta ya nani yameungua?

KWA WENYE MIZIGO

Huku Njombe na Makambako wengi hawana hisa za ndege, lakini wana mbao, viazi na parachichi barabarani kila wiki. Maswali ni yale yale kwa sura nyingine.

Mnunuzi anayemwahidi dereva nyongeza ya fedha akiingia Dar es Salaam alfajiri ameshatoboa bati la kwanza. Mwenye lori anayemtuma dereva arudi na mzigo mwingine bila kulala ametoboa la pili. Anayepakia lumbesa bila kujua uzito ametoboa la tatu. Fundi aliyeambiwa breki zisubiri safari moja zaidi ametoboa la nne. Dereva anapofika Kitonga gizani, akiwa amebadili gia kwa kuchelewa, kosa litaandikwa kwa jina lake. Akifa, hatakuwapo kueleza kwamba wengine wanne walimsaidia kulifanya.

Hatua za kuanzia hazihitaji mkopo wa benki. Mzigo upimwe kwa kilo na dereva apewe uzito huo kwa maandishi. Orodha fupi ya ukaguzi, yaani breki, matairi, taa na kamba, isomwe kwa sauti na utingo huku dereva akijibu. Malipo yasifungwe na saa ya kufika. Dereva anayepiga simu kusema amechoka na anaegesha alale asikatwe hata senti. Na lori lililonusurika lizungumzwe wiki hiyo hiyo, kabla halijasahauliwa, ili dereva wa tajiri mwingine naye ajue pale penye utelezi.

Gharama ya usingizi wa saa nne ni viazi kuchelewa soko la asubuhi. Mfanyabiashara anaweza kuikokotoa gharama hiyo kabla ya lori kuondoka Ipelele, na kuiweka ndani ya bei yake kama anavyoweka ushuru na mafuta.